Strontiamu: chembe chache ndani ya rimu ya gari lako

Wale wa rika langu tulikulia kwenye TV za kichogo. Zilikuwa nzito ajabu, na uzito wenyewe ulilemea mbele, upande wa kioo, kiasi kwamba mtu akiibeba peke yake ilimvuta kifudifudi. Sehemu ya uzito huo ilikuwa strontiamu, elementi ya jamii ya metali. Ndani ya bomba la picha elektroni zilirushwa kwa umeme wa volti zaidi ya 20,000, na elektroni ikigonga kitu kwa nguvu hiyo huzaa eksirei. Kioo kilitakiwa kupitisha picha na papo hapo kuzuia miale hiyo isimfikie mtoto aliyekaa sakafuni, pua karibu na katuni. Risasi huzuia eksirei vizuri sana, ndiyo maana iliwekwa kwenye kioo cha nyuma, kile cha kichogo. Lakini ukiiweka kwenye kioo cha mbele, kioo hugeuka kahawia kadiri elektroni zinavyokipiga. Viwanda vikachagua oksidi ya strontiamu, asilimia 8 hivi ya uzito wa kioo, pamoja na bariamu.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi kuu ya madini haya. Wakati biashara imepamba moto, robo tatu hivi ya strontiamu iliyotumika Marekani ilikwenda kwenye vioo vya TV na kompyuta. Kisha zikaja TV bapa. Katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000 soko lile likaporomoka, na wengi wakaihesabu strontiamu kuwa kitu cha fataki tu.

Mimi kazi yangu ni aluminiamu, na kwangu kioo cha TV hakikuwa kilele cha strontiamu hata kidogo. Kazi yake bora iko kwenye chungu cha aluminiamu iliyoyeyuka, inapotiwa gramu chache kwa kilo mia na kubadilisha kabisa jinsi chombo kitakavyovunjika, au kitakavyokataa kuvunjika. Kazi hiyo inatuhusu sisi huku moja kwa moja, kwa sababu mali yenyewe tumeshailundika kwenye yadi zetu za skrapa.

Kwanza niseme ilikotoka. Kijiji cha Strontian kiko magharibi mwa Uskoti, na kilikuwa na machimbo ya risasi. Mwaka 1790 Adair Crawford, daktari, pamoja na William Cruickshank, walipima jiwe la huko wakaona kwamba halina tabia za madini ya bariamu ambayo walidhani ndiyo. Thomas Charles Hope wa Glasgow akathibitisha kwamba ni elementi mpya, na mwaka 1808 Humphry Davy akaitenga kwa umeme jijini London. Metali yenyewe ni nyeupe ya fedha, laini, nyepesi kidogo kuliko aluminiamu, inayeyuka kwenye nyuzijoto 777. Huliwa na hewa haraka hivyo kwamba huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Ndiyo sababu hutaikuta popote ikiwa peke yake. Ardhini hupatikana kama salfeti, jiwe liitwalo selestini, au kama kaboneti. Leo selestini inachimbwa hasa Hispania, Iran, China, Meksiko na Uturuki. Bukini pia wanayo, ya buluu nzuri mno, ila ile huuzwa kama pambo la mezani.

Kazi yake ya kwanza kubwa ya kiwandani ilikuwa kwenye sukari. Wajerumani wa karne ya 19 walikuwa wanatengeneza sukari kwa viazisukari, na molasi iliyobaki ilikuwa bado na sukari nyingi isiyotaka kuganda. Wakagundua kwamba haidroksidi ya strontiamu hushikana na sukari hiyo na kutua chini. Ukipitisha hewa ya ukaa, sukari inaachiliwa na strontiamu inarudi kuwa kaboneti ya kutumika tena. Vijiji vya Westphalia vilichimba kaboneti hiyo kwa pupa hadi selestini ya Gloucestershire, Uingereza, ilipoingia kwa bei nafuu. Gloucestershire ikaishikilia dunia kuanzia 1884 hadi 1941. Kila nikisoma habari hizi naona mtindo uleule: strontiamu huingia kwenye kazi ambayo hakuna aliyeitegemea, hutawala kwa miongo michache, kisha teknolojia inahama.

Baada ya TV, kazi iliyoshika nafasi ya juu ni sumaku. Fungua spika yoyote mbovu, ya redio au ya daladala, nyuma utakuta duara jeusi lenye tundu katikati. Lile ni feriti ya strontiamu. Kiwandani huchanganya kaboneti ya strontiamu na oksidi ya chuma, ile kutu nyekundu, kwa hesabu ya molekuli moja ya oksidi ya strontiamu kwa sita za chuma, wakaichoma kwenye nyuzijoto 1,200 hadi 1,300, wakaisaga unga laini, wakaushindilia ndani ya uga wa sumaku ili chembe zielekee upande mmoja, kisha wakaichoma tena. Ni kauri, ndiyo maana ukiigonga nyundo hupasuka vipande vyenye ncha badala ya kubonyea. Philips walianza na bariamu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Strontiamu ikaja baadaye na kuizidi kwa kuwa sumaku yake ni ngumu zaidi kufutika. Mota ya waipa, mota ya kioo cha dirisha la gari, mpira wa mlango wa friji: kote imo. Sumaku za neodimiamu zina nguvu nyingi zaidi kwa ukubwa uleule, lakini hakuna atakayelipia neodimiamu kwa ajili ya mota ya waipa.

Rangi nyekundu ya fataki na ya miali ya dharura ya meli nayo ni yake. Selestini iliyosagwa hutiwa kwenye tope la kuchimbia visima vya mafuta na gesi. Na kwenye viwanda vinavyosafisha zinki kwa umeme, kaboneti ya strontiamu hutiwa ndani ya matangi ili inase risasi inayochuja kutoka kwenye anodi (bamba linaloingiza umeme), isije ikachafua zinki ambayo baadaye itapaka bati. Hayo yote ni ya kweli na yana faida, ila siyo yanayonikosesha usingizi.

Wapo wanaoshtuka wakisikia jina hili kwa sababu ya mabomu ya nyuklia. Ile ni strontiamu-90, inayozaliwa na kupasuka kwa urani, na nusu-uhai wake ni miaka 29 hivi. Mwili huidhani kalsiamu na kuipeleka mifupani, na hapo ndipo ubaya wake. Strontiamu ya machimboni haina mionzi. Lakini kwa wafanyabiashara wa skrapa nasema kwa uzito wote: Wasovieti waliwahi kutengeneza majenereta yanayoendeshwa na joto la strontiamu-90 kwa ajili ya minara ya taa na vituo vya mbali. Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia nchini Georgia, wanaume watatu waliokwenda kutafuta kuni walikuta vyuma viwili vya moto vimeyeyusha theluji pande zote, wakalala navyo ili kuota joto. Waliumia vibaya sana. Chuma kinachotoa joto chenyewe bila moto, kikimbie.

Sasa tuje kwenye aluminiamu.

Aluminiamu tupu ni mbaya kusubu. Haitiririki vizuri kwenye kalibu, husinyaa ikipoa, na chombo hupasuka kwenye kona. Ukiongeza silikoni, asilimia 7 hadi 12, mambo hubadilika: inatiririka, inajaza pembe zote, haisinyai sana. Bloki za injini, silindahedi, gia boksi na rimu za sport karibu zote ni aluminiamu yenye silikoni. Tatizo ni kwamba silikoni haikubali kubaki imeyeyushwa ndani ya metali ikiganda. Kwenye nyuzijoto 577 hujitenga, na ikiachwa kwa hiari yake hujenga mabamba mapana, membamba, magumu, yaliyopandana ovyo ndani ya aluminiamu laini. Kila bamba ni ufa unaosubiri kuanza. Vuta kipande hicho, nacho kitakatika ghafla bila kurefuka.

Mwaka 1920 Aladar Pacz, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuta kwamba ukiitia metali iliyoyeyuka chumvi ya floraidi ya sodiamu kabla ya kumimina, chombo kinatoka kigumu kuvunjika kuliko kawaida. Hakikuongezwa kitu cha maana kwa uzito. Kilichobadilika ni umbo la silikoni. Badala ya mabamba ilikuwa imeota nyuzi nyembamba zenye matawi mengi, na ukiondoa aluminiamu kwa asidi na kutazama kwa hadubini kali, kilichobaki ni kama matumbawe. Aluminiamu sasa inazunguka nyuzi hizo kutoka kila upande, na ufa ukianza hauna bamba la kuufuata.

Sodiamu ilifanya kazi hiyo kwa miongo mingi, lakini ni msaidizi msumbufu. Inachemka kwenye nyuzijoto 883, kwa hiyo ukiitosa inaruka, inafuka moshi, na nusu saa baadaye nyingi imeshapotea hewani. Fundi wa kalibu la mwisho hupata metali tofauti na fundi wa kalibu la kwanza, ingawa wamechota chungu kimoja. Strontiamu, ambayo ilianza kuenea viwandani miaka ya 1970, inachemka juu kabisa ya nyuzijoto 1,370, uzito wake unakaribiana na wa aluminiamu, na ikishatulia chunguni inadumu kwa saa kadhaa. Kinachohitajika ni asilimia 0.01 hadi 0.02 tu. Ukizidisha sana inaanza kujenga chembe zake zenyewe zisizo na faida, na unakuwa umetupa hela.

Jinsi inavyofanya kazi ni jambo ambalo wanasayansi wamelibishania kwa muda mrefu. Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya Shu-Zu Lu na Angus Hellawell, 1987: atomi za strontiamu hujibandika kwenye ngazi za fuwele ya silikoni inapokua, zikaivuruga safu ikapinda upande mwingine, ikapinda tena na tena, hadi kile kilichotaka kuwa bamba kinalazimika kugawanyika matawi. Baadaye watu wakagundua kwamba fosforasi nayo ina sehemu kubwa. Chembe za fosfidi ya aluminiamu ndizo silikoni hupendelea kuanzia, na strontiamu huzizima.

Hakuna haja ya hadubini kuona tofauti. Fundi mmoja mzee niliyefanya naye kazi alikuwa akimimina kipande cha majaribio chembamba, akakiacha kipoe, akakibana kwenye jiliwa na kukivunja kwa nyundo. Kile ambacho hakikutiwa kitu huvunjika kwa pigo la kwanza, na ndani kinametameta vijibapa vya kijivu cha samawati ambavyo unaweza kuvihesabu kwa jicho. Kilichotiwa strontiamu hupinda kwanza. Unakipiga, unakirudisha, unakipiga tena, na kikikatika ndani ni laini, kijivu kilichofifia, hakuna kinachong'aa. "Hii ina roho," alikuwa akisema, na kutupa kile kingine kwenye rundo la kuyeyushwa upya.

Tazama basi rimu ya sport. Nyingi husubiwa kwa mchanganyiko wenye silikoni asilimia 7 na magnesiamu asilimia 0.3 hivi, uliotiwa strontiamu. Baadaye hupashwa joto karibu na nyuzijoto 540 kwa saa kadhaa, hutoswa majini, kisha huachwa ikomae kwenye joto dogo. Nyuzi za silikoni hujiviringa haraka kuwa vidonge vidogo, wakati mabamba yangehitaji muda mrefu sana na bado yangebaki na kona. Matokeo yake ni rimu ambayo ikiingia kwenye shimo la barabarani kwa kasi hupinda mdomo. Dereva analalamika kwamba rimu imepinda, na ni haki yake, lakini mimi naona strontiamu imefanya kazi iliyolipiwa. Rimu isiyo nayo ingepasuka papo hapo na tairi kwisha upepo kwenye mwendo.

Kwenye magnesiamu nako imefanya makubwa. Mwaka 2004 BMW walitoa injini ya silinda sita, N52, ambayo nje ya bloki ni magnesiamu na ndani yake kuna kiini cha aluminiamu chenye silinda na njia za maji. Magnesiamu ya kawaida ya kusubu, ile yenye aluminiamu asilimia 9, huanza kulegea polepole ikipata joto la injini. Bolti iliyokazwa leo inakuta mwaka kesho chuma chini yake kimetambaa. Mchanganyiko wa N52 una aluminiamu asilimia 6 na strontiamu asilimia 2 na kidogo. Strontiamu huishika ile aluminiamu kwenye mipaka ya chembe za metali, na kuizuia isijenge mchanganyiko dhaifu unaolegea kwa joto. Magari yenye injini hiyo yamejaa barabarani kwetu, na mafundi wanapaswa kuelewa kwa nini bolti zake ni za aluminiamu na kwa nini hairuhusiwi kuzirudishia zikishafunguliwa. Zinakazwa kwa kipimo kisha kwa pembe ya mzunguko, hivyo zinavutika mara moja tu. Ukiweka bolti ya chuma badala yake, unyevu ukiingia magnesiamu inaliwa kuizunguka hadi uzi unatoka wote.

Wapo watakaouliza kama sisi hatuna strontiamu yetu. Tunayo, na iko mahali pa ajabu. Oldoinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotapika lava ya kaboneti ya sodiamu na kalsiamu. Hutoka nyeusi, nyembamba kama mafuta ya gari, kwenye nyuzijoto 500 na kitu, kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe. Ndani yake kuna zaidi ya asilimia 1 ya oksidi ya strontiamu, kiasi kikubwa sana kwa mwamba wa volkano, na nyingi imekaa ndani ya madini mawili, mojawapo likiitwa nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu. Kangankunde nchini Malawi, kilima kingine cha kaboneti, kina strontiamu iliyochanganyika na madini adimu ambayo ndiyo yanayotafutwa pale. Mimi sioni sababu ya kuchimba Lengai. Selestini nzuri ina oksidi hiyo zaidi ya asilimia 50, inachimbwa kwa greda huko Hispania, na soko la dunia ni dogo. Mlima ule ni mtakatifu kwa Wamaasai na ni shule kwa wanajiolojia wa dunia nzima. Uachwe.

Faida yetu iko kwenye yadi za skrapa na kwa wasubi wetu. Wanaosubu sufuria, miguu ya mashine ya kushonea, puli za mashine za kusaga na vishikio hununua aluminiamu iliyochanganyika: rimu, pistoni, silindahedi, makopo, nyaya. Vyote huingia chungu kimoja. Hapo ndipo kinachoniuma. Rimu iliyokatwa tayari ina strontiamu na ni metali safi yenye chuma kidogo. Pistoni ina silikoni asilimia 12 au zaidi, ina shaba na nikeli, na mara nyingi ilitiwa fosforasi kiwandani makusudi, kwa sababu pistoni inahitaji chembe ngumu ndogo za silikoni. Fosforasi na strontiamu ni mahasimu. Ukiziyeyusha pamoja kila moja inaimaliza nyingine, na unapata metali isiyo na sifa ya rimu wala ya pistoni. Fundi anaona puli imekatika masikio wiki ya kwanza na kulaumu mkaa, au mchanga, au mteja.

Kutenganisha hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Pistoni inajulikana kwa umbo, rimu kadhalika, hata zikiwa vipande. Rundo la rimu peke yake, lililokatwa, likapigwa brashi kuondoa rangi, risasi za balansi zikang'olewa zote na kile kipira cha valvu kikatolewa, ni malighafi bora kuliko nyingi zinazouzwa. Ukiliyeyusha utapoteza sehemu ya strontiamu kwa hewa, hasa ukikoroga sana na kuacha chungu wazi, kwa hiyo inafaa kuirudishia. Nayo huuzwa ikiwa ndani ya fimbo za aluminiamu yenye strontiamu asilimia 10, maana ikiwa hivyo hailiwi na hewa wala haina hatari ya kushika moto.

Hesabu ni nyepesi. Kwa kilo 100 za metali, lengo la asilimia 0.015 ni gramu 15 za strontiamu, yaani gramu 150 za fimbo, uongeze kidogo kwa ajili ya kinachopotea. Yeyusha, toa takataka za juu, kisha ondoa kwanza gesi ya haidrojeni iliyomo kwenye metali kwa kupitisha nitrojeni kavu au agoni. Vidonge vya kuondolea gesi vyenye klorini usivitumie baada ya strontiamu kuingia, kwa kuwa klorini huibeba na kuitoa pamoja na uchafu. Na usiruke hatua ya gesi: vyombo vilivyotiwa strontiamu mara nyingi huonyesha vitundu vidogo vilivyotawanyika, na metali yenye haidrojeni nyingi itakuaibisha mbele ya mteja hata kama silikoni yake ni nzuri. Fimbo zikatwe vipande, zipashwe joto pembeni mwa tanuri zikauke kabisa, zizamishwe chini ya uso wa metali kwenye nyuzijoto 720 hadi 750, zikorogwe polepole bila kupasua uso. Ipe muda iyeyuke na kuenea kabla ya kumimina. Mimina kipande cha majaribio, kivunje, tazama ndani. Kikiwa bado kinametameta, ongeza kipande cha fimbo na usubiri tena.